Namwekea mume wangu dawa kwenye uji, yeye anajua alipona kwa dua, sasa mikono inamtetemeka

SWALI

Habari ya kazi mshauri. Naomba usitaje jina wala mtaa, andika tu mama wa Tanga inatosha. Nina miaka 34, mume wangu ni fundi cherehani, tuna watoto watatu, wa mwisho hata shule hajaanza.

Mwaka juzi mume wangu aliumwa. Ilianza kwa kukosa usingizi, usiku kucha anazunguka sebuleni, mara anasema majirani wanamsema kwenye redio, mara chakula kimetiwa kitu, hali mpaka mimi nianze kuonja mbele yake. Siku moja akachukua vitambaa vya sare ya harusi ya watu akavikata vipande vipande vyote, ndo kaka zake wakaja wakambeba kwa nguvu mpaka hosptali akalazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Alitoka mzima na vidonge vya haloperidol, anameza mwenyewe wala hasumbui. Hatujakaa sana nyumbani shingo ikapinda ikagoma kurudi, macho yamegeukia juu, ulimi mzito, ungemuona ungelia mshauri, mama yake anasoma ayatul kursi, majirani wanasema jini limepanda. Hosptali wakamchoma sindano moja tu akanyooka, wakasema ni zile dawa ndo zimefanya hivo, wakamuongezea na vidonge vya kuzuia. Lakini toka siku hiyo akaapa hamezi tena kidonge cha wodi ya vichaa, kama kufa afe.

Akakaa miezi mzima bila dawa tukasema alhamdulillahi, kisha ikarudi na safari hii vibaya kuliko mwanzo. Mama mkwe akaniita pembeni akanambia mwanangu msagie kwenye uji, kuna mtu namjua alifanya hivo. Nikaanza. Jioni nikipika uji nakisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko natia na sukari namkorogea. Kipindi hicho hicho familia walimpeleka kwa shehe akawa anakunywa kombe. Baada ya wiki kadhaa akatulia, akarudi kwenye cherehani, mpaka leo anawaambia watu mimi nilipona kwa dua, hosptali walitaka kuniua. Na mimi nipo hapo hapo naitikia.

Dawa nafata mwenyewe, wakiniuliza mgonjwa yuko wapi nasema kasafiri, siku zingine naenda tu duka la dawa na kile cheti cha zamani nanunua. Sasa ni zaidi ya mwaka.

Shida ni kwamba mikono inamtetemeka mshauri. Fundi mzima hawezi kutia uzi kwenye sindano, anamuita mtoto amtilie. Anatembea hatua fupi fupi, uso umekaa tu kama amenuna hata ukimchekesha, asubuhi mto umelowa mate. Chumbani ndo usiseme, muda mrefu hakuna kitu, mimi nikajua kapata mwanamke, mpaka siku nikagugo jina la ile dawa, nikasoma mpaka bando likaisha. Alienda mwenyewe zahanati kwa ajili ya mikono na mimi nikamsindikiza, daktari akamuuliza unatumia dawa yoyote? Akajibu hapana daktari, situmii dawa yoyote. Nimekaa pembeni yake. Wakampa vitamini.

Sasa anasema kuna fundi mwenzie sokoni kamroga mikono, anataka auze ile mashine yake ya ovaloki aende kwa mganga. Nikimwambia ukweli, ugonjwa wake si ndo huo huo wa kuamini anatiliwa kitu kwenye chakula? Atasema kumbe kweli na ni mke wangu. Nikiacha kimya kimya ataugua tena. Nikiendelea anakwisha huku namuona. Mama mkwe anasema funga mdomo wako, bora mume anayetetemeka kuliko mume anayeokota makopo. Nifanyeje? Naomba usinihukumu, nimejihukumu vya kutosha.

Mama wa Tanga

JIBU

Mdogo wangu, pole. Na shikamoo zangu mpe mama mkwe, maana na yeye nimemsikia kwenye barua yako, ni mama aliyeona mwanae anabebwa na ndugu zake kama mwizi na hataki kuona tena. Sikuhukumu. Ulikuwa na mgonjwa anayekataa dawa, watoto watatu, na hakuna aliyekukalisha chini akakueleza chochote, ukashika lililokuwa karibu. Wanaofanya hivi ni wengi kuliko unavyodhani, ila hakuna anayesimulia kwenye kikao cha ukoo.

Mimi ni mshauri, si daktari, dozi ya mumeo siwezi kuigusa. Lakini mambo ya hii dawa yanayojulikana tuyaseme, kwa sababu naona kama ulipewa dawa bila maelezo na yeye ndo kabisa.

Haloperidol ni dawa ya zamani, imegunduliwa Ubelgiji mwaka 1958, na mpaka leo hospitali zetu zinaitumia sana kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanya kazi. Inazuia kemikali ya kwenye ubongo inaitwa dopamini. Kwa mtu anayesikia sauti na kuona kila mtu anamfatilia, hapo inatuliza. Tatizo dopamini hiyo hiyo ndo inaongoza misuli, kwahiyo ukiizuia huku, na kule nako kunaguswa, mtu anatetemeka, anakakamaa, hatua zinafupika, uso unakosa ishara, mate yanatoka usingizini, yaani karibu kila ulichoniandikia. Hata la chumbani limo humo, kuna homoni inaitwa prolaktini, dopamini ikizuiwa inapanda, na ikipanda hamu inapotea na nguvu za kiume zinashuka. Simjui mumeo na siwezi kukuapia hana mwanamke, lakini usimtafute mwanamke kabla hujamaliza kuiangalia dawa. Na ile shingo iliyopinda na macho kwenda juu ni jambo linalojulikana kabisa, hutokea siku za mwanzo mwanzo za dawa hizi hasa kwa wanaume ambao umri haujaenda, linatisha ila kwa sindano linaisha. Wale vidonge walivyomuongezea, bila shaka ni jamii ya benzhexol, ndo kazi yake hiyo. Na yenyewe ina yake, mdomo unakauka, choo kigumu, macho ukungu.

Sasa hapo ndo nataka nikuulize kitu. Umeandika "aliapa hamezi tena." Aliapa kukataa nini hasa? Ukimsikiliza vizuri mtu huyu hakukataa matibabu, siku zote alikuwa anameza mwenyewe, umesema bila kusumbua. Alikataa shingo kupinda mbele ya majirani huku wanasema ana jini, na nani asingekataa? Kuna mtu aliwahi kumwambia kwa utulivu, kichwa chake kikiwa kimetulia kama sasa, kwamba ile ilikuwa ni dozi na inarekebishika, kwamba kuna dawa nyingine? Maana zipo. Kuna olanzapine, hiyo kutetemesha si sana ila inanenepesha na inaweza kuleta sukari, kwahiyo mtu anapimwa. Kuna risperidone, nayo ina yake, hilo la prolaktini linaweza kubaki pale pale. Hakuna isiyokuwa na bei yake, ila bei hazifanani, na mtu anaweza kuchagua ipi yuko tayari kulipa. Mume wako hajawahi kupewa nafasi hiyo ya kuchagua. Huenda angekataa tena, sikatai, lakini hatujui, tumemjibia sisi.

Na lingine nikuulize polepole, una uhakika gani kwamba hajui? Mtu aliyewahi kukuonjesha kila sahani sasa anakunywa uji wako kila jioni. Inawezekana anakuamini tu. Inawezekana pia kuna kitu anakihisi na ameamua kutokukiuliza. Sijui, wewe ndo unalala nae.

Kilichonikaa zaidi kwenye barua yako si uji, ni zahanati. Daktari ameuliza swali sahihi kabisa na amepewa jibu la uongo na mtu ambaye hakudanganya. Hapo ndo naona hatari ya siri hii ilipo, kuliko hata kwenye kidonge chenyewe. Dawa hizi zinaongozwa na mdomo wa anayezitumia, yeye ndo anatakiwa aseme natetemeka, nasinzia, miguu haitulii, daktari apunguze au abadilishe. Mdomo wake haujui. Hebu fikiria tu mambo ya kawaida ya hapo Tanga. Akishikwa na malaria akapewa dawa ya mseto, ile nayo ina onyo la kutochanganywa hivi hivi na dawa zinazogusa mapigo ya moyo, na haloperidol ni mojawapo. Akitapika akachomwa Plasil, ile nayo inazuia dopamini kwahiyo mkakamao unaongezeka juu ya uliopo. Au miguu imwashe ashindwe kukaa kwenye kiti, ainuke akae ainuke akae, hiyo ni athari ya dawa inayojulikana, lakini wewe ukiona hivyo si utasema kichaa kinarudi ukazidishe kidonge? Na kukizidisha ndo unamuongezea mateso. Na kuna lile la kutumia muda mrefu, ulimi na midomo kuanza kucheza yenyewe, hilo likiingia wakati mwingine haliondoki hata dawa ikiachwa, ndo maana mgonjwa anatakiwa aonekane kwa macho na sio mkewe kuja kusema kasafiri.

Halafu watoto. Kwenye nyumba zetu uji wa baba ukibaki nani anaumalizia? Dawa hii kwa mtoto mdogo ni hatari, shingo na macho vinaweza kumgeuka kama ilivyokuwa kwa baba yake. Hilo halihitaji kusubiri uamuzi wa mambo mengine.

Njia zilizopo nitazisema kama ninavyoziona, na kila moja ina mwiba wake.

Kuendelea kama ulivyo nayo ni njia, tusijifanye sio. Mama mkwe ana hoja, mume yuko nyumbani, anafanya kazi, watoto wanakula. Lakini hiyo kazi ndo inaondoka, fundi asiyeweza kutia uzi atabaki fundi mpaka lini? Na ovaloki ikishauzwa kwa ajili ya mganga, siri yako itakuwa imeuza mtaji wa nyumba.

Kuacha kimya kimya, hapa nakuomba utulie. Dawa hizi zikikatwa ghafla mtu anaweza kukaa vizuri wiki hata miezi, watu wakasema unaona, hakuwa na haja nazo, kisha ugonjwa ukarudi. Kwenu imeshatokea mara moja. Hata kupunguza mwenyewe kwa kuvunja nusu nusu bila mtaalamu kuangalia naogopa, kwa sababu mtu wa kwanza kuona dalili utakuwa wewe, na wewe ndo huwezi kusema.

Ipo njia ya kumpeleka kliniki kwa ajili ya mikono tu, ya uji yakabaki chini. Inavutia, najua. Ila daktari atauliza tena lile swali, na ukimnong'oneza pembeni umemuingiza na yeye kwenye siri, kisha mumeo akija kugundua atakuwa amepoteza mke na hospitali kwa siku moja. Wengine huwa wanafikiria sindano ya mwezi, ile ya kuchoma kila baada ya wiki mbili mpaka nne. Inawasaidia wengi sana wasiopenda vidonge, lakini kwa mtu aliyekubali. Kidonge kikileta shida daktari anaweza kukisimamisha kesho yake, sindano ikishaingia huichomoi, inabidi isubiriwe iishe mwilini.

Njia ninayoiona nyepesi kuanza nayo, na sisemi ndo hiyo, ni wewe kwenda peke yako kwanza. Ile kliniki ya afya ya akili unayofatia dawa, siku hiyo usiseme kasafiri. Beba pakti ya dawa na kile cheti, mwambie muuguzi au daktari mnaongea faragha, mweleze kuanzia shingo mpaka zahanati. Anaweza kukukaripia, wapo wa hivyo, vumilia. Anaweza kusema siwezi kuandika kitu bila kumuona mgonjwa na atakuwa na haki. Lakini utakuwa umepata mtu wa pili anayejua, na utaondoka na majibu ya vitu ambavyo mimi siwezi kukujibu, dozi ni kubwa kuliko inavyohitajika au la, na kama umefika wakati wa kupunguza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema aliyeugua mara ya kwanza aendelee na dawa walau miezi 12 baada ya dalili kuisha ndo mtaalamu aangalie kupunguza taratibu, aliyerudiwa huwa ni zaidi ya hapo. Ninyi mko wapi kwenye hesabu hiyo? Muulize. Kama hapo ulipo unaona aibu sana kuna Lutindi kule milimani Korogwe, hospitali ya siku nyingi ya magonjwa haya, hawatakushangaa.

Kumwambia yeye sasa. Nimeliacha mwisho kwa sababu ndo unaloliogopa na una sababu, ulivyoliandika umeliandika kwa akili sana, ugonjwa wake ulikuwa unamwambia chakula kina kitu, na sasa chakula kina kitu kweli. Anaweza kukasirika, kuondoka, kususa kula kwako, na akisusa dawa nayo imekatika siku hiyo hiyo bila maandalizi. Ndo maana ningefikiria hili lifanyike baada ya kliniki kujua, akiwa ametulia, analala vizuri, na sio usiku mkiwa wawili tu. Nani awepo? Kaka zake ndo waliombeba kwa nguvu, sijui kama ni sahihi. Mama yake yumo kwenye jambo hili, labda abebe na yeye fungu lake badala ya kukuachia wewe. Na yule shehe je? Umemtaja kwa kupita, lakini mumeo anamsikiliza. Mashehe wengi watakwambia kutafuta tiba na dua havizuiani njia, na akilitamka yeye si sawa na kulitamka wewe. Ila hilo ni kumuongeza mtu kwenye siri ya nyumba yako, unamjua kifua chake? Kama ana tabia ya kupiga akikasirika, hukuniandikia, basi watoto wawe kwa mtu siku hiyo.

Na pa kuanzia, nisingeanzia kwenye uji. Ningeanzia kwenye mikono, kwa sababu una habari njema ambayo yeye hana, kwamba hajarogwa, kinachomtetemesha kina jina na mara nyingi kinapungua dozi ikirekebishwa. Baadhi ya watu wataona huko ni kukwepa, na ukweli atautaka wote muda huo huo, ujiandae.

Usimvunjie hilo la kombe, tafadhali. Wewe unajua dawa ilikuwepo, lakini hujui ni nini zaidi kilimsimamisha, familia kumzunguka, kusomewa, kuonekana ni mtu bado. Hakuna ulazima wa kumwambia aliponyeshwa na wewe.

Najua kuna swali hukuliuliza, kama ulichofanya ni haki. Tanzania kuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 na ina utaratibu wa mtu anayeshindwa kujiamulia kupelekwa na kulazwa, kwa madaktari na makaratasi, hayo ya jikoni hayamo. Lakini kuna tofauti kati ya ile wiki anakata vitambaa vya watu na mwaka mzima wa mtu anayepima nguo, anatoa chenji na kusalimia wateja. Wakati ule pengine hakuweza kuamua. Sasa je? Hilo nakuachia, na ukilipatia jibu ndani yako nadhani mengine utayaona yenyewe.

Kitu kimoja usikisubirishe chochote. Siku akipata homa kali, mwili ukakakamaa kama ubao, jasho linamwagika na maneno hayaeleweki, msimkalishe nyumbani mkasema malaria na wala usiangalie nani yupo. Mkimbizeni hospitali kubwa na umtajie daktari haloperidol kwa sauti, hata mumeo akiwa amelala hapo anasikia, maana hiyo ni athari ya nadra ya dawa hizi na inaua.

Niandikie tena. Uniambie na huyo wa mwisho ana umri gani, na kama jioni huwa anakula na baba yake.